Diploma ya elimu maalumu kwa mwalimu wa P1 jijini Nairobi: je, kazi zipo, na zinadai nini?

Mwalimu_Kayole

Hamjambo walimu wenzangu. Mimi ni mwalimu wa P1, yaani mwenye cheti cha kufundisha shule ya msingi, niliyesajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, lakini sijaajiriwa nayo bado. Ninafundisha gredi ya nne katika shule ya kibinafsi huku Kayole. Ninafikiria kusomea diploma ya elimu maalumu katika KISE, taasisi ya kitaifa ya elimu maalumu iliyo kule Kasarani, kwa mpango wa kusoma wakati wa likizo, kwa kuwa siwezi kuacha kazi. Katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata alama ya C wastani.

Ningependa kufahamu kutoka kwa walio ndani ya kazi hii ikiwa diploma hiyo inamsogeza mtu karibu na ajira ya serikali, au ni karatasi nyingine ya kuweka kwenye faili. Pia sijui nichague eneo gani la kubobea: wengine wananiambia Lugha ya Ishara, wengine usonji (autism). Na je, ni kweli kwamba walimu wa elimu maalumu hulipwa zaidi?

Kitengo_Eastlands

Mwalimu, karibu. Ninafundisha katika kitengo maalumu, yaani darasa la watoto wenye ulemavu, kilicho ndani ya shule ya msingi ya umma, kwa hiyo nitajibu kuhusu upande wa serikali pekee.

Mlango wa TSC ni ule ule kwa mwalimu wa kawaida na kwa mwalimu wa elimu maalumu. Utahitaji nambari ya usajili, ambayo tayari unayo, vyeti vyako halisi, na kuomba nafasi inapotangazwa. Katika kuwapa waombaji alama, tume huangalia pia mwaka ambao mtu alihitimu, na aliyehitimu mapema hupata alama zaidi. Kwa hiyo miaka yako ya kungoja haikupotea bure, ingawa najua hilo halilipi kodi ya nyumba. Tofauti hujitokeza pale tangazo linapotaja nafasi za elimu maalumu waziwazi. Hapo mwenye diploma hiyo hushindana na watu wachache, na wewe usiye nayo huwezi hata kuomba. Walimu wengi sasa huingia kwanza kwa mkataba wa uanagenzi, ambao katika shule za msingi umekuwa ukilipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakimtoshi mtu mzima katika jiji hili, na ni heri ulijue hilo kabla ya kupiga hesabu ya karo.

Kuhusu malipo, ni kweli kwamba mwalimu aliyesomea elimu maalumu na kupangiwa kazi katika shule au kitengo maalumu hupata marupurupu ya shilingi 10,000 kwa mwezi juu ya mshahara wake. Lakini marupurupu hayo hufuata kituo cha kazi, hayafuati cheti. Ukihamishiwa shule ya kawaida, hata kama darasani mwako mna watoto kadhaa wenye ulemavu chini ya mpango wa elimu jumuishi, fedha hizo hukatika. Nimewaona walimu waliochukua mkopo wa chama cha akiba wakiyategemea, kisha barua ya uhamisho ikawafikia.

Mzee_wa_Tathmini

Dada wa Kayole, nimestaafu baada ya miaka mingi katika vituo vya tathmini ya elimu, vile vya EARC vilivyoanzishwa mwaka 1984, ambako mtoto hupimwa kabla ya kupelekwa shule au kitengo kinachomfaa. Nitajibu swali lako la eneo la kubobea, kwa sababu naona wengi hulichagua kwa kufuata uvumi.

Lugha ya Ishara ya Kenya ina hadhi ambayo watu husahau: Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 120, inaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na baraza la mitihani huitahini kama somo. Kwa hiyo anayeimudu barabara anaweza kuishi kwa ukalimani hata asipopata darasa. Nasema anayeimudu barabara. Mwalimu anayejua alfabeti ya vidole na salamu tu huwachosha watoto viziwi, na wao humtambua siku ya kwanza. Breli nayo ni hivyo hivyo: vitone sita hujifunzwa kwa muda mfupi, lakini kusoma na kusahihisha hesabu iliyoandikwa kwa breli kunataka mazoezi ya muda mrefu.

Hata hivyo, ukiniuliza ni wapi mahitaji yapo mengi hapa Nairobi, nitakuambia ni katika ulemavu wa akili, usonji na mtindio wa ubongo. Vitengo vingi vilivyo ndani ya shule za msingi za jiji ni vya watoto hao, na kitengo cha usonji cha City Primary kule Ngara kinajulikana na kila mzazi aliyewahi kuhangaika kutafuta nafasi. Watoto wasioona wapo pia katika shule za kawaida, kama vile Kilimani Primary, lakini idadi yao haiwezi kulinganishwa na hao wengine.

Sasa, kazi yenyewe. Tangu mtaala mpya wa umilisi (CBC) uje, watoto ambao hawawezi kufuata mtaala wa kawaida wana njia yao isiyopangwa kwa gredi. Huanzia ngazi ya msingi, wakaingia ya kati, kisha ya kuandaliwa kwa ufundi, na hatimaye ya ufundi wenyewe. Kila mtoto ana mpango wake, ule unaoitwa IEP, na mwalimu ndiye anayeuandika, anayeutekeleza na anayeutetea mbele ya mzazi. Kwa mfano, lengo la muhula mzima linaweza kuwa kunawa mikono bila kusaidiwa. Unaligawa lengo hilo katika hatua ndogo: kufungua mfereji, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga mfereji, kujifuta. Unarekodi ni hatua gani mtoto ameimudu na ni ipi anayohitaji kushikwa mkono. Mwalimu aliyezoea kumaliza silabasi ya darasa la watoto hamsini huona jambo hili kama mchezo, hadi atakapogundua kwamba wiki sita zimepita na bado mko kwenye sabuni.

Utamlisha mtoto asiyeweza kukaa wima, na lazima ujue jinsi ya kumweka ili asipaliwe. Utambadilisha nguo mtoto wa miaka kumi na mitatu, na lazima ujue jinsi ya kumhifadhia heshima yake. Mtoto akishikwa na kifafa, utamlaza kwa ubavu, hutamtia kitu chochote kinywani, na utaangalia saa, kwa kuwa mshtuko ukipita dakika tano ni wa kukimbiza hospitalini. Wahudumu husaidia pale wanapokuwepo, lakini mara nyingi mwalimu ndiye mhudumu. Hayo yote ni sehemu ya sifa za kazi hata kama tangazo halikuyaandika.

Roysambu_Kijana

Naomba kuongeza upande wa shule za kibinafsi, kwa maana Mwalimu wa Kayole anaweza kuingia huko mapema zaidi kuliko serikalini. Shule nyingi za mitaa kama Lavington, Kileleshwa na Karen hupokea watoto wenye usonji kwa sharti kwamba mzazi alete mwalimu msaidizi wa kukaa na mtoto huyo mmoja darasani siku nzima. Ndiyo kazi ninayoifanya. Malipo huzidi yale ya shule nyingi za kibinafsi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, ila yeye anayekulipa ni mzazi. Shule haikutambui kama mwalimu wake, na mtoto akihama nchi au mzazi akipoteza kazi, kazi yako imekwisha siku hiyo hiyo. Andikianeni mkataba unaosema ni nani atakayekulipa wakati wa likizo, na kama wewe ndiye utakayeandika ripoti za mtoto au mwalimu wa darasa. Mimi mwenyewe ningependelea kitengo cha umma kwa mshahara mdogo kuliko huu wasiwasi, lakini kila mtu na hesabu zake.

Mwalimu_Kayole

Nawashukuru sana. Mzee wangu, umenitisha kidogo, lakini ni afadhali kutishwa sasa. Nimebaki na swali moja: je, badala ya diploma, nisingeingia chuo kikuu moja kwa moja nikasome shahada ya elimu maalumu, ili nisilipe karo mara mbili?

Kitengo_Eastlands

Kwa C wastani, hapana. Kuingia chuo kikuu moja kwa moja kunahitaji C+ katika KCSE. Unaweza kupitia diploma kisha ukaendelea na shahada, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayofundisha elimu maalumu tangu zamani, lakini kuna jambo ambalo mawakala wa vyuo hawalitaji. TSC inapoajiri walimu wa sekondari wenye shahada, hudai C+ ya jumla na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili ya kufundishia, na shahada yako haitaifuta alama ya C iliyo kwenye cheti chako cha kidato cha nne. Tena, kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kuajiriwa, miongozo ya kupandishwa vyeo ya mwaka 2018 haimpandishi mtu cheo kwa sababu tu ameleta shahada. Husubiri nafasi itangazwe, akahojiwa.

Kwa maoni yangu, chukua diploma kwanza. Shahada itakufaa baadaye ukitaka kutoka darasani, uwe afisa wa kusimamia mtaala katika kaunti ndogo, au ufanye kazi ya kurekebisha vitabu na mitihani kwa ajili ya watahiniwa wenye ulemavu.

Mzee_wa_Tathmini

Nakubaliana naye kuhusu mpangilio huo, ingawa nadhani anayadharau kidogo manufaa ya shahada kwa anayetaka kufanya kazi na mashirika ya watu wenye ulemavu, ambayo hayaulizi sana alama za KCSE.

Kabla hujalipa karo, dada, nenda ukakae katika kitengo. Mwombe mwalimu mkuu wako akuandikie barua, uipeleke kwa mwalimu mkuu wa shule ya umma iliyo karibu nawe yenye kitengo cha ulemavu wa akili, na uombe kusaidia tangu watoto wanapofika asubuhi mpaka wanapochukuliwa. Usipange kufanya hivyo wakati wa likizo, kwa kuwa likizo zenu na zao ni zile zile na utakuta lango limefungwa. Itakubidi uombe ruhusa ya siku chache muhula ukiwa unaendelea, hata kama zitakatwa kwenye mshahara.