Siku moja Bagamoyo: tuanzie wapi?

Natarajia kwenda Bagamoyo nikitokea Dar es Salaam, pamoja na mama yangu ambaye hawezi kutembea mwendo mrefu. Je, ndugu zangu, tuanzie Mji Mkongwe au magofu ya Kaole?

Jibu: Anzeni Kaole asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa magofu ya msikiti na makaburi yale yako mahali pa wazi. Mji Mkongwe, uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, unaweza kusubiri.

Jibu: Kwa heshima, mimi ningempeleka mama kwanza Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, ambako njia ina kivuli cha miembe, na ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, uliobebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi, ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Muulizaji: Ahsanteni, miembe imeshinda.