Somo la uendelevu lifutwe, alama zake zihamie studio: mnasemaje?

Mleta mada (mwalimu wa studio)

Wakuu, nafundisha studio ya usanifu majengo, yaani darasa la kuchora miradi, chuo kikuu. Hoja yangu ni hii: somo la "Usanifu Endelevu" linalosimama peke yake, saa mbili kwa wiki na mtihani mwisho wa muhula, lifutwe. Alama zake zote zihamie kwenye mradi wa studio, na jopo, yaani walimu na wasanifu wanaopima mawasilisho, liruhusiwe kumwangusha mwanafunzi ambaye jengo lake halikaliki bila kiyoyozi na mwenyewe hawezi kueleza kwa nini.

Kilichonifikisha hapa ni mwanafunzi aliyeongoza darasa zima katika mtihani wa somo hilo. Siku ya mawasilisho akabandika ukutani maktaba yenye kioo kitupu upande wote wa magharibi. Nikamuuliza jua la saa kumi jioni atalifanyaje. Akanijibu kwamba kuna paneli za sola kwenye paa. Kijana si mjinga, ametii tulichomfundisha: uendelevu ni kitu cha kubandika jengo likishakwisha.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2022 kuwa majengo na ujenzi vilichangia takriban 37% ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani. Na mambo yanayoamua fungu kubwa la mzigo huo, yaani mwelekeo wa jengo, kina cha vyumba, ukubwa wa madirisha na vivuli vyake, huamuliwa wiki mbili za kwanza za mradi, kwa penseli. Wiki hizo mwalimu wa somo la uendelevu hayupo chumbani.

Mwalimu wa sayansi ya majengo

Mleta mada, napinga, na nitajitahidi nisipandishe sauti.

Nani atawafundisha kukokotoa joto linavyopenya ukuta? Jopo? Wanajopo wengi ninaowajua waliacha hesabu hiyo siku walipohitimu. Chukua saruji. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye kuitengeneza haitokani na moto wa tanuri. Inatoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapovunjika kuwa klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji. Maana yake ni kwamba hata tanuri likiendeshwa kwa nishati safi tupu, sehemu hiyo inabaki palepale. Huwezi kumwelewesha mtu jambo hilo akiwa amesimama mbele ya mchoro wake, hajalala siku mbili, na amebakiwa na dakika kumi.

Studio inapenda hadithi, hilo nalo tuliseme. Kila mwaka nasikia jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa 1996, kwamba "linapumua kama kichuguu". Msanifu wake, Mick Pearce, kweli aliviangalia vichuguu. Lakini kinachofanyika mle ni kwamba feni zinasukuma hewa baridi ya usiku kupitia zege, na mchana zege hilo linameza joto. Watafiti waliokwenda kuvichunguza vichuguu vyenyewe baadaye walikuta havijipozi kwa namna ile inayosimuliwa. Jengo linafanya kazi, ila maelezo yanayopendwa studio ndiyo mabovu. Sasa mwanafunzi anayejua hadithi bila namba atalinakili jengo hilo mahali ambako usiku una joto kama mchana, na hapo mbinu nzima inakufa, maana hakuna baridi ya kuhifadhi.

Kitu mkikifanya cha kila mtu, kitakosa mwenyewe. Somo langu liacheni.

Mwanafunzi, mwaka wa nne

Mnabishana juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo naomba niseme kidogo. Mwaka jana nimewasilisha mara tano. Nimeulizwa "dhana yako ni nini" mara tano. Upana wa ngazi, mara mbili. Kivuli, mara sifuri. Tunasoma tunachoulizwa, basi. Na mwenzangu aliyechora miti kwenye kila balkoni alisifiwa kwa "ukijani", hakuna aliyemuuliza udongo wa miti ile una uzito gani.

Mhandisi wa miundo

Nakazia hilo la miti 😀. Udongo uliolowa ni mzito kuliko wanavyodhani, na mzigo ule unaishia kwenye zege na nondo za ziada.

Ila nyote hapo juu mnazungumza kama vile jengo linaanza kuchafua siku watu wanapohamia. Kaboni ya nyenzo, yaani hewa ya ukaa ya kutengeneza saruji, nondo na vifaa vingine, imeshatoka kabla mlango haujafunguliwa, na hakuna tabia njema ya mpangaji itakayoirudisha. Mimi huletewa michoro nguzo zikiwa zimeachana mita 9 kwa sababu tu picha inapendeza. Nikiuliza kama mita 6 hazitoshi, naambiwa nabana ubunifu. Pengo likiongezeka slabu (sakafu ya zege) inanenepa, ikinenepa inakuwa nzito, nguzo na msingi navyo vinafuata. Uamuzi mmoja wa mpangilio wa nguzo unaweza kula akiba yote mliyoipata kwa vivuli. Mwiteni mhandisi wiki ya pili, si ya kumi na mbili.

Msanifu, nina ofisi ndogo

Naona mnagombania saa na alama. Kosa liko kwenye swali mnalowapa.

"Sanifu maktaba ya mita za mraba 4,000 kwenye kiwanja kitupu." Uamuzi mkubwa kuliko yote umeshafanywa na mwalimu: tunajenga, tunajenga kipya, na ni kikubwa hivyo. Mwanafunzi anabaki kupunguza madhara. Mwaka 1996 wasanifu wa Ufaransa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal waliombwa na mji wa Bordeaux wakipendezeshe kiwanja kidogo cha wazi, Place Léon Aucoc. Walikwenda wakakaa, wakatazama, wakarudi na jibu kwamba pameshapendeza. Badilisheni kokoto, itunzeni miti, fanyeni usafi. Hao hao mwaka 2021 walipewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote za usanifu majengo. Niambieni, studio gani ingewapa hata alama ya kupita?

Mwaka uliofuata Pritzker ilikwenda kwa Francis Kéré, msanifu mzaliwa wa Burkina Faso. Shule yake ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ilikamilika 2001 naye akiwa bado mwanafunzi Berlin. Matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, dari yenye matundu, na paa la bati lililonyanyuliwa juu yake ili joto lipite katikati. Wanakijiji ndio waliojenga. Sizuii mitihani, ila udongo ule ulikuwa na swali la kweli nyuma yake.

Mleta mada

Nimesoma yote. Mwalimu wa sayansi, nakubali nilikosea kusema lifutwe. Historia ingenikumbusha: elimu ya hali ya hewa ilipopata darasa lake London mwaka 1954, ile kozi ya usanifu wa tropiki kwenye shule ya usanifu ya Architectural Association, ilizaa watu waliojua kazi kwelikweli. Lakini tazama pia ilichoacha. Jua na upepo vikawa utaalamu wa wale wanaokwenda nchi za joto, wengine wakaendelea na vioo vyao kana kwamba kwao jua halichomozi. Ndicho ninachokiogopa kwenye somo lako.

Basi libaki, ila zoezi lake liwe mradi uleule wa studio na wewe ukae kwenye jopo ukiwa na kura. Kwenye kumwangusha mtu sirudi nyuma.

Hoja ya msanifu ndiyo imeninyima usingizi. Nikitoa mradi ambao jibu linaruhusiwa kuwa "tusijenge, tukarabati hiki kilichopo", mmoja ataleta karatasi mbili, mwingine ataleta michoro ishirini. Nitawapimaje kwa haki? Yule wa karatasi mbili amefikiri, au amekwepa kazi?

Mwalimu wa sayansi ya majengo

Mwambie aonyeshe jengo la zamani lina tani ngapi za zege, linakula umeme kiasi gani, na likikarabatiwa litakula kiasi gani. Kama amefikiri, hizo karatasi hazitakuwa mbili.

Na kura hiyo naitaka kwa maandishi.