Mjadala: Nani wa kumdai Rais wajibu wake?

Mwalimu wa Busia (mwanzisha mada)
Ndugu zangu, kila tukizungumzia Katiba hapa Uganda tunaishia kwenye umri wa mtu na idadi ya mihula. Kikomo cha mihula kiliondolewa 2005, kile cha miaka 75 kikafutwa mwishoni mwa 2017, na hasira zetu zimebaki hapohapo. Mimi naleta jambo ambalo hata Rais mpya atalikuta mezani.

Ibara ya 98 inampa Rais mambo manne kwa mpigo: mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, amiri jeshi mkuu, na mtoaji wa nishani na heshima za taifa. Ibara ya 99 inamtwika wajibu wa kuitii, kuitetea na kuilinda Katiba. Asipoutimiza je? Akiwa madarakani hashtakiwi mahakamani, isipokuwa kesi ya kupinga ushindi wake. Linabaki Bunge. Kwa Ibara ya 107, theluthi moja ya wabunge watie sahihi, jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Juu lichunguze, kisha theluthi mbili wapige kura ya kumwondoa. Tangu 1995 hakuna Rais aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Na Bunge lenyewe likoje? Katiba inasema mawaziri wa baraza wasizidi 21, na mawaziri wa nchi, yaani wasaidizi wao, wasizidi 21, ila Bunge likikubali. Bunge limekuwa likikubali tu. Katika baraza lililotangazwa 2021 walizidi 70 kwa jumla, nao wote wakakaa humohumo bungeni. Mbunge anayengojea uwaziri atatia sahihi ya kumdai anayegawa uwaziri? Rai yangu: hiyo 21 iwe kikomo kweli, na kisilegezwe kwa kura ya wale wanaofaidika kikilegezwa.

Mzee wa Arua, askari mstaafu
Mwalimu, nakuheshimu, lakini nyinyi vijana hamkuiona 1979. Profesa Lule, Rais aliyekuja baada ya Idi Amin kuangushwa, alikaa siku 68 tu. Aliteua mawaziri bila kupitia Baraza la Taifa la Mashauriano, lililokuwa kama bunge la muda, wakamtoa. Akaja Binaisa. Alipotaka kumwondoa Oyite Ojok kwenye unadhimu wa jeshi, Tume ya Kijeshi ikamwangusha, Mei 1980. Kuanzia Aprili 1979 mpaka hapo kiti kilibadilika mara tatu, na wananchi ndio waliolipa. Rais asiye na mkono juu ya jeshi ni mgeni Ikulu. Msitufungulie mlango ule tena.

Mwanasheria wa Jinja
Shikamoo mzee. Hofu yako ina msingi, ila tuzitenganishe habari hizo mbili. Binaisa aliondolewa na wenye bunduki, na hapa hakuna anayetaka kumpunguzia Rais uamiri jeshi. Ugomvi wa Lule ni mwingine: nani anaidhinisha mawaziri? Katiba ya 1995 ililijibu swali hilo kwa kusema Bunge liwaidhinishe. Mwalimu analalamika kwamba jibu hilo limelegea, nami nakubaliana naye.

Lakini mwalimu, usizisahau mahakama. Sheria ileile iliyofuta kikomo cha umri iliwaongezea wabunge muda kutoka miaka 5 hadi 7. Mahakama ya Katiba, ikikaa Mbale 2018, iliifuta nyongeza hiyo. La umri likapita, na Mahakama ya Juu ikalithibitisha 2019 kwa majaji 4 dhidi ya 3. Angegeuka jaji mmoja tu, tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Kinachoniuma mimi ni kinachofuata baada ya hukumu. Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Kabla mwaka haujafika nusu, Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha raia hukohuko kwa makosa kadhaa, na Rais akaisaini. Na Bunge hili halikuzaliwa hivi. Mwaka 1998 lilipiga kura ya kutokuwa na imani na Jim Muhwezi, 1999 likafanya hivyo kwa Sam Kutesa, wote mawaziri wa serikali iliyokuwa na nguvu. Ibara ya 118, inayoruhusu kura hiyo, ipo bado.

Dereva wa Masindi
Nyinyi mnaongea Kampala. Kwetu Rais ni RDC, yaani Kamishna Mkazi wa Wilaya. Huyo anateuliwa na Rais chini ya Ibara ya 203, anasimamia usalama wa wilaya, na sisi hatuna kura ya kumweka wala kumtoa. Mwenyekiti wa wilaya tuliyemchagua wenyewe anamwangalia yeye usoni kabla ya kusema lolote. Mkihesabu mawaziri, wahesabuni na hao. Jina lipitie kwenye baraza la wilaya kwanza.

Mwalimu wa Busia
Hilo la RDC nalichukua lote. Mzee, ungekubali?

Mzee wa Arua
La mawaziri nakubali. Serikali yenye mawaziri wengi kuliko kazi ni mzigo kwa mlipa kodi, na amiri jeshi hahitaji 70 ili kulinda mpaka. La RDC sikubali. Huku mpakani na Kongo habari za usalama haziwezi kungoja madiwani wapatane. Awajibike kwa baraza akiwa kazini, aitwe ajibu maswali hadharani, lakini uteuzi ubaki ulipo. Nipeni sababu ya kunigeuza.