Kero za rimu za vipande vitatu: nikague nini kabla ya kutoa hela?

Markx_Ilala

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Toyota Mark X GRX120, inazunguka Dar na mara kwa mara inakwenda Morogoro. Kuna seti ya rimu za vipande vitatu kutoka Japani, zilizotumika, inchi 18, upana 8.5 mbele na 9.5 nyuma. Muuzaji anasema PCD (idadi ya tundu za nati na kipenyo cha duara lake kwa mm) ni 5x114.3, kwa hiyo zinaingia bila shida. Mdomo umeng'arishwa na bolti zote zipo, ila chache zina kutu kichwani. Sifa zake nimezisikia za kutosha, naomba mnipe kero zake. Zinavuja? Fundi wa matairi wa mtaani anaziweza? Na nikitaka kubadili rangi ya uso wa katikati, rimu inaweza kupigwa rangi ya unga (ile inayopulizwa kavu kisha inaokwa) ikiwa nzima?

Kerezo_Tabata

Karibu mkuu. Kero kubwa ni upepo, tuanzie hapo. Rimu ya kawaida ni kipande kimoja cha alumini, upepo una njia mbili tu za kutokea: pale tairi linapokaa na kwenye valvu. Hiyo yako ina uso wa katikati, mdomo wa nje na pipa la ndani, vimebanwa kwa bolti nyingi ndogo, mara nyingi 30 hadi 40 kwa rimu moja. Bolti hazizuii upepo. Kazi hiyo inafanywa na utepe wa silikoni uliopakwa ndani, chini ya tairi, juu ya maungio. Ukizeeka, ukachunwa na chuma cha kuvulia tairi, au rimu ikipigwa shimo maungio yakacheza kidogo, upepo unaanza kutoka.

Jaza tairi psi 35, pakaza maji ya sabuni kila mahali, subiri dakika kumi. Povu likitoka kwenye vichwa vya bolti au kwenye mstari wa maungio, silikoni imekufa. Usihangaike na bolti iliyotoa povu, upepo umeingia kwingine na umepita kwenye tundu lake tu. Povu likitoka pembeni ya tairi, kuna kutu ya alumini au pipa limepinda. Tairi zima hupoteza kama psi 1 hadi 2 kwa mwezi. Likipoteza psi 5 kwa wiki, hilo linavuja.

Kuziba upya si kazi ya nusu saa. Vua tairi. Toa silikoni yote ya zamani kwa kikwangua cha plastiki, kwa sababu cha chuma kinaacha michirizi ambayo upepo utaifuata. Futa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Paka utepe mmoja usiokatika, wenye upana wa kama sentimita moja, ulaze kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni ili ushike pande zote mbili za mstari. Acha saa 24 bila tairi. Na angalia aina ya silikoni: ile ya bei rahisi inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inakula alumini. Tafuta isiyo na harufu ya siki.

Tena, usikubali mtu akuwekee dawa ya maji ya kuzuia pancha. Inasambaa juu ya maungio, na siku ya kuziba silikoni haitashika mpaka uisafishe yote.

Bolti_Bandia

Kabla ya yote hayo hakikisha ni vipande vitatu kweli. Rimu nyingi ni kipande kimoja zimebandikwa vichwa vya bolti vya urembo. Geuza rimu utazame nyuma: ya kweli ina nati au ncha za bolti, na mstari wa maungio unazunguka pipa zima. Tafuta pia alama za JWL na VIA, ambazo ni za viwango vya ubora vya Japani, maana rimu za Japani zilizopimwa zinakuwa nazo. Rimu bandia haina kero ya silikoni, lakini usiilipie bei ya vipande vitatu.

Markx_Ilala

Asanteni sana. Nyuma nati zipo na mstari upo. Sasa hizo bolti zenye kutu, naweza kununua za M8 (uzi wa mm 8) Kariakoo nikabadilisha hizo chache tu?

Torki_Mbagala

Hapana mkuu, na hapa ndipo watu wanapoharibu rimu nzuri. Bolti nyingi za rimu hizi ni M7, saizi ambayo maduka ya vifaa hayana. M6 inapwaya kwenye tundu. M8 haiingii mpaka upanue kwa drili, na ukishapanua umepunguza nyama ya alumini kuzunguka tundu, ufa utaanzia hapo. Kichwa mara nyingi ni cha pembe 12, soketi ya pembe sita haikai. Agiza bolti za muundo wa rimu hiyo hiyo, zenye urefu ule ule.

Kutu yenyewe isikutishe kwa sura, ila jiulize imetoka wapi. Bolti ya chuma ndani ya alumini, pakiwa na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Gari linalovuka kwa pantoni ya Kigamboni kila siku linapata chumvi hiyo bure. Unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti ndiyo dalili, na bolti hiyo inaweza kukatika ukijaribu kuifungua. Iliyokatikia ndani ya uzi inakwenda kwa fundi wa kukereza, na anaweza asiitoe salama.

Kukaza ni kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), mzunguko wa kwanza kwa nguvu nusu, wa pili kwa nguvu kamili, kila mara ukivuka kwenda bolti ya upande wa pili. Torki yake ni ndogo, bolti nyingi za M7 zinakaa kati ya Nm 20 na 30, lakini fuata namba ya mtengenezaji wa rimu yako. Linganisha na nati za gurudumu la Toyota zinazokazwa Nm 103, utaona kwa nini bunduki ya upepo isiguse bolti hizi hata kidogo. Usipake oili kwenye uzi kama mtengenezaji hakusema, kwa sababu kwa torki ile ile bolti yenye oili inavutika zaidi na inaweza kukatika.

Rangi ya unga: rimu nzima usipeleke. Rangi hiyo inaokwa kwenye nyuzi joto karibu 200, silikoni ya zamani na mdomo uliong'arishwa haviwezi kutoka salama humo. Rimu inafunguliwa, uso wa katikati unakwenda peke yake, na sehemu zinazogusana na vipande vingine zinafunikwa zisipate rangi. Mafundi wengi wanaruka hatua hiyo. Rangi ikibaki katikati ya vipande viwili, inasagika taratibu gari likitembea, ule unene unapotea, na bolti zote zinalegea bila mtu kuzigusa. Kabla ya kufungua, chora alama ya maka kwenye vipande vyote vitatu ili virudi mahali pake, kisha ukishafunga pima mzunguko kwa geji ya saa (yenye mshale unaoonyesha rimu inacheza kiasi gani). Ukiona unacheza zaidi ya milimita 1, fungua uanze upya.

Kerezo_Tabata

Torki kasema vizuri. Naongeza la tairi na la ufungaji, kwa sababu PCD peke yake haitoshi.

Tundu la katikati la Mark X ni mm 60.1. Rimu nyingi za Japani za kununuliwa nje ya kiwanda zina mm 73.1, kwa hiyo zinahitaji pete za kujaza nafasi hiyo, za 73.1 kwa 60.1, la sivyo usukani unaweza kutetemeka ukifika kilomita 80 na kuendelea hata kama umefanya balansi. Nati ni M12x1.5 za kichwa cha koni. Zile za Toyota zenye washa bapa hazikai kwenye tundu la koni, zitalegea.

Fundi wa mtaani anaweza kuvalisha tairi kama ana mashine yenye vishikio vya plastiki. Mwulize kwanza ataanzia upande gani. Rimu zenye mdomo mrefu mara nyingi zina bonde (sehemu nyembamba ya pipa inayosaidia tairi kuingia) karibu na upande wa nyuma, kwa hiyo tairi linaingizwa kwa nyuma. Akilazimisha kutoka mbele atakwangua mdomo au atachana silikoni. Risasi za balansi ziwe za kubandika, ndani ya pipa, kamwe zisiwe za kugonga ukingoni.

Barabara nayo ihesabu. Tairi la kiwanda la 215/60R16 lina ukuta wa mm 129. Ukifunga 225/40R18 unabaki na mm 90, na tuta lisilochorwa au shimo la usiku linafika kwenye mdomo mapema zaidi. Faida iliyopo ni kwamba pipa likipinda unabadilisha pipa tu, endapo utalipata. Na kama utapata mdomo mpana zaidi, kumbuka inchi 1 inasogeza ukingo wa nje kwa mm 25.4, na ofseti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu) inashuka mm 12.7. Pima nafasi ya fenda ya nyuma kabla.

Kuhusu usafi sina mengi: sabuni ya kawaida na maji, basi. Dawa za rimu zenye asidi zinaacha madoa ambayo hayatoki, na mdomo wenye koti la kinga ukiusugua kwa dawa ya kung'arisha unatoa koti lenyewe.

Markx_Ilala

Nimepiga sabuni leo. Rimu tatu ziko kavu. Ya nne inatoa povu kwenye vichwa viwili vya bolti, na kuna unga mweupe hapo hapo. Muuzaji anasema ni silikoni tu.

Torki_Mbagala

Inawezekana ni silikoni, lakini unga mweupe pamoja na povu unataka uangalie ndani. Mwambie avue tairi hilo kwa gharama yako. Futa silikoni eneo lile, tazama mstari wa maungio kwa tochi, kisha pitisha ukucha kuzunguka tundu za bolti hizo mbili. Ukihisi ukingo uliopasuka, au alumini imeliwa mpaka mstari umefunguka, usiichukue rimu hiyo, na seti ya rimu tatu haina maana. Ukikuta alumini iko safi, mwambie apunguze kwenye bei gharama ya silikoni, ya bolti mpya za rimu nzima na ya siku moja ya fundi, ndipo mzungumze.