Ditekta ya kutafuta metali ardhini inalia misumari tu, sarafu zinanipita. Naombeni ushauri

MwanaKamuli: Habari zenu wakubwa. Jjajja (bibi yangu) ana kiwanja huku Kamuli, Uganda, karibu na ilipopita reli ya zamani ya Jinja kwenda Namasagali, ile ya 1912. Mbele ya nyumba palikuwa na duka enzi za mkoloni na anasema watu walidondosha sana hela pale. Nimenunua ditekta yuzdi, koili (ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi) inchi 11, siku tatu nachimba misumari, nati, vipande vya bati, majembe yaliyooza. Nikapandisha ile seti ya kukataa chuma mpaka mwisho, ikanyamaza kabisa, nikajua hapa hamna kitu. Jana mtoto wa shangazi anachota udongo wa matofali palepale nilipopita, akatoa senti 10 yenye tundu! Imeniuma sana. Nakosea wapi?

Fundi_Busia: Pole ssebo (bwana). Ukikataa chuma sana unakataa na sarafu iliyolala jirani yake. Koili kubwa hivyo inaona misumari minne na sarafu moja kwa mpigo, inasoma chuma, inanyamaza. Tafuta koili ndogo ya inchi 5 au 6. Shusha hiyo seti, acha chuma kiungurume, sikio lizoee. Unachotafuta ni kamlio kembamba kanakochungulia katikati ya muungurumo. Kakitokea usichimbe bado, zunguka robo duara upitishe kutoka upande mwingine. Kakibaki palepale, chimba. Kakihama au kakipotea, mara nyingi ni ncha ya msumari.

MamaTororo: Na upitishe pole pole mwanangu, ukienda mbio mashine haijatulia kutoka kwa msumari ishafika kwenye sarafu, inaimeza. Udongo wetu huu mwekundu nao una chuma chake kwahiyo balansi ardhi kwanza, yaani izoeze mashine ipuuze udongo, na punguza sensitiviti (ukali wa kuhisi). Kizibo cha soda na washa (kile kipete bapa cha nati) vinanidanganya mpaka leo, chuma bapa hulia juu kama shilingi. Halafu kwangua juu kidogo, buruta sumaku, toa uchafu, pita tena. Utashangaa.

Mzee_Sarafu: Ukipata shilingi ya simba, ile ya mkoloni ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba, usiisugue kabisa! Za 1921 mpaka 1925 na za 1937 mpaka 1946 robo yake ni madini ya fedha, ukisugua umeua thamani. Osha kwa maji basi. Na usivuke kwenda kwenye mabaki ya stesheni wala gati la Namasagali bila ruhusa, mali kale ina sheria. Ukikuta kitu cha zamani sana ongea na Makumbusho ya Uganda pale Kampala.

MwanaKamuli: Nimerudi wakubwa. Koili ndogo bado sina ila nimeshusha seti, asubuhi nzima nimemaliza kipande kama cha mkeka. Pembeni ya mwembe kamlio kakaja, nikazunguka, kakabaki. Kina cha kiganja nikakuta msumari mrefu umekunjika, na pembeni yake kama upana wa kidole, shilingi ya simba, 1948. Nimempa jjajja, kaifuta kwa kitenge kaishika muda mrefu haongei, kisha kaifunga kwenye pindo la gomesi, gauni lake. Asanteni sana. Koili ya inchi 6 Kampala naipata wapi jamani?