Mada: “We await your instructions”: nani anamwagiza nani?

UJUMBE WA KWANZA

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Nina kesi ya madai hapa Uingereza dhidi ya aliyekuwa mwenye nyumba wangu, na nimeweka wakili. Wiki tatu zilizopita wakili aliniandikia barua fupi. Mstari wa mwisho ulisema “We await your instructions.” Nikaisoma mara mbili, nikaiweka kwenye droo. Kichwani mwangu “instructions” ni maelekezo, na maelekezo hutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua, kama fundi na kibarua wake. Nikaelewa kwamba kuna maelekezo yangu yanasubiriwa kutoka huko juu, na yakifika atanitumia.

Jana akanipigia simu, sauti imepoa, akauliza mbona niko kimya. Kumbe siku zote hizo alikuwa ananisubiri mimi niseme kama tupokee kiasi alichokubali kulipa mwenye nyumba au tuendelee na kesi.

Sasa nimepata na karatasi ya mahakama. Kichwa chake ni “Directions”. Ndani kuna “it is ordered that”, kuna “must” kadhaa, na kuna sentensi moja inayoanza na “Unless”. Nimeishi hapa miaka 11 na kazini nazungumza Kiingereza kutwa, lakini kamusi yangu inanipa “amuru, agiza” karibu kwa kila neno. Naombeni mwenye uelewa anipambanulie.

UJUMBE WA PILI

Kaka, pole sana. Mimi ni mkalimani, mahakamani na hospitalini, na hilo neno “instructions” nimeliona likiwaangusha watu wazima wenye Kiingereza kizuri kuliko changu.

Ila kwanza tuzime moto. Hiyo sentensi ya “Unless” usiilalie. Katika mahakama za England na Wales, jaji akiandika “Unless the claimant files his statement by 4.00 pm” siku fulani, kisha sentensi ikaishia na “the claim will be struck out”, ujue saa kumi jioni ya siku hiyo ikipita dai lako limefutika lenyewe. Hutaitwa tena, hutaulizwa. Itabidi wewe ndiye uende kuomba lirudishwe na ueleze kwa nini ulichelewa. Angalia kwamba ndani ya sentensi hiyo hakuna “order” wala “command”, na bado ndiyo kali kuliko zote kwenye karatasi. Mpigie wakili leo, usingoje kesho.

Sasa tuje kwenye “instruct”. Kwa asili ya Kilatini neno hili ni la kujenga na kupanga. Ndiyo maana lina nyuso mbili: kumjenga mtu kwa maarifa, yaani kumfundisha, na kumpa mtu yale anayohitaji ili atende kwa niaba yako. Mteja anapom-“instruct” wakili, ni ule uso wa pili. Wewe ndiye mwenye kesi. Yeye anashauri, lakini hawezi kukubali suluhu bila neno lako. Naye akimpa kazi wakili mwingine wa kusimama mbele ya jaji, neno ni hilohilo, “instruct”, na humo kwenye mafaili yeye huitwa “instructing solicitor”. Zamani nilikuwa natafsiri “tunasubiri maelekezo yako”. Hakuna wa kunikosoa kwa tafsiri hiyo, lakini niliona wateja wanabaki wakinitazama. Siku hizi nasema “tunasubiri utuambie tufanye nini”, na mtu anajibu papo hapo.

“Direct” ni neno la aliyeshika usukani. “Directions” za mahakama ni ratiba: nani alete nini, lini. Linasikika kwa upole kwa sababu tumezoea kulisikia kwenye ramani za simu, ambako ukipinda kona nyingine hakuna anayekufanya lolote. Mahakamani ni amri kamili. Kwenye chupa ya dawa, “take as directed” maana yake ni namna aliyosema daktari, siyo namna unavyojisikia.

“Command” lina ukoo mmoja na “mandate”, kumkabidhi mtu jambo mkononi, na limebaki kuwa neno la wenye vyeo: mfalme, jemadari, Mungu. Mialiko ya Ikulu ya Buckingham mpaka leo huandikwa kwamba Lord Chamberlain, afisa mkuu wa nyumba ya mfalme, “is commanded by The King to invite”. Aliyeamriwa hapo ni mwandishi wa mwaliko. Wewe unaalikwa.

Nataka nikae kidogo kwenye “order”, kwa sababu hapa ndipo sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunaumia bila kujua. Kuagiza kwetu kunabeba mambo mawili: naagiza mzigo, na nimemwagiza mdogo wangu dukani. Kiingereza nacho kina “order a parcel”. Basi mtu anaona maneno yamelingana, anayachukua yalivyo. Lakini “order” akielekezewa mtu ni kali. Ofisini au kiwandani karibu hakuna anayesema “I order you”.

Nilikuwa kwenye kikao cha malalamiko kazini. Mfanyakazi, mama wa makamo, alisema kwa utulivu: “Msimamizi aliniagiza nihamishe yale maboksi.” Nilikuwa na nukta moja ya kuchagua. Ningesema “he ordered me”, ningekuwa nimemshtaki msimamizi kwa ukali ambao mama hakuutaja. Ningesema “he asked me”, ningekuwa nimempa mama hiari ambayo hakuwa nayo, na mgongo wake ulikuwa umeumia kwenye hayo maboksi, kwa hiyo hiari ndiyo ilikuwa kiini cha kesi. Nikasema “he told me to move the boxes”. Halafu mwajiri akauliza: “So he asked you?” Mama akaelewa bila mimi, akatikisa kichwa: “No. Told.” Sijawahi kusikia neno fupi likibeba mzigo mkubwa namna hiyo. Mnapoandika maelezo yenu kazini, au kwa bima, “told me to” ndilo neno la kila siku la kuagizwa na mkubwa wako. “Ordered me to” litunzeni kwa siku ambayo kweli mliamriwa kwa ukali, ili siku hiyo lisikike.

“Demand” kwa Kifaransa ni kuuliza au kuomba tu. Kwa Kiingereza limeota meno. Ukipokea “statutory demand”, yaani barua rasmi ya kudai deni, hapa England na Wales kwa deni linalosemwa ni lako, una siku 21 za kulipa au kuelewana na anayekudai, na kama unalipinga una siku 18 za kuiomba mahakama iitengue. Siku 18 huja kabla ya 21, na watu wengi huishika ile kubwa.

“Enjoin” halina budi kutajwa kwa sababu lina ncha mbili. Katika mahubiri na maandiko ya zamani, kumu-“enjoin” mtu ni kumhimiza au kumwamuru afanye jambo. Katika sheria, hasa Marekani, mtu aliye “enjoined from” jambo amekatazwa. Tazameni hiyo “from”. “Charge” nalo ni vurugu tupu: kukabidhi wajibu, kushtaki, kutoza. Linafahamika kwa jirani zake tu.

UJUMBE WA TATU

Asante sana dada mkalimani. Mimi ni nesi, nilifanya kazi Uingereza kabla ya kuhamia Marekani, naomba niongeze mawili.

La kwanza ni la wodini. Uingereza daktari “anarequest” picha ya eksirei. Nilipofika Marekani nikakuta “anaorder”. Mwanzoni lilinichoma sikioni, nikahisi kama tumo jeshini, mpaka nilipozoea kwamba hapa “order” ni jina la ile kumbukumbu kwenye mfumo: dawa gani, kiasi gani, mara ngapi, imeidhinishwa na nani. Haina ukali wowote kwa nesi. Lakini maana yake ni kwamba daktari akisema kwa mdomo “maybe we could give her a little more”, hiyo bado siyo “order”. Akiagiza kwa simu, naandika, namsomea nilichoandika, anathibitisha, ndipo naigusa dawa. Wadogo zangu mnaoanza, msione aibu kuuliza “Is that an order?” Huku swali hilo halimtukani mtu. Linamlinda mgonjwa.

La pili ni barabarani. Nilisimamishwa na polisi nikitoka zamu ya usiku. Afisa alikuwa mpole mno. Akasema “Can you step out of the car for me?” na baadaye, kwa sauti ileile, “Mind if I take a look in the trunk?” Nikazisikia zote mbili kama maombi, au niseme zote mbili kama amri, kwa sababu kwetu mkubwa akisema “naomba” ameshaagiza. Nilitoka, nikafungua na buti. Hakukuwa na kitu, nikaenda zangu kulala. Baadaye mwanasheria alitueleza kwamba zile sentensi mbili ziko mbali kama mbingu na ardhi. Tangu kesi ya Pennsylvania v. Mimms ya mwaka 1977, afisa aliyekusimamisha kihalali anaweza kukuamuru ushuke, kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa amri iliyovaa nguo za ombi. La pili lilikuwa ombi kweli. Ningeweza kujibu “I don’t consent to a search” kwa adabu. Na Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1973, katika Schneckloth v. Bustamonte, kwamba polisi halazimiki kukwambia kuwa una haki ya kukataa. Kuna hali nyingine ambazo anaweza kupekua bila ridhaa yako, kwa hiyo ukishakataa kwa mdomo usimzuie kwa mikono. Lakini ukiwa hujui, uliza: “Are you asking me or telling me?” Ni yaleyale ya mama wa maboksi.

UJUMBE WA NNE

Nifupishe. Kwa wanaojiandaa na mtihani wa udereva Uingereza: Highway Code, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1931, ina mpaka uliochorwa wazi. Palipoandikwa MUST au MUST NOT kwa herufi kubwa pana sheria nyuma yake, na kuvunja ni kosa la jinai. Palipoandikwa “should” ni ushauri, hushtakiwi kwa kuuacha peke yake, ila ukigonga mtu, kule kuuacha kunaweza kuletwa mahakamani kama ushahidi dhidi yako. Msidharau “should”.

Sisi wa kompyuta tuna waraka wetu wa viwango vya intaneti, RFC 2119 wa Machi 1997, unaosema karibu hivyohivyo: SHOULD unaruhusiwa kuiacha ukiwa na sababu halali na umepima matokeo yake.

Na “shall” mnaoiona kwenye mikataba, wenyewe wanaikimbia. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho Marekani zilipoandikwa upya, kuanzia 1 Desemba 2007, karibu kila “shall” iliondolewa, kwa kuwa mara ilisomwa “lazima”, mara “itakuwa”, mara “inaweza”. Kaka wa kwanza, karatasi yako ina “must”. Hiyo haina njia mbili.

UJUMBE WA TANO

Nimesoma zote, ahsanteni mno. Dada mkalimani, nilimpigia wakili kabla sijamaliza ujumbe wako. Ile “Unless” ilikuwa ya taarifa ya shahidi, na siku yenyewe ni Alhamisi hii, saa kumi jioni. Tumeongea naye kwa simu kwa muda wa saa mbili, taarifa imekamilika, nimeisaini, imeshapelekwa.

Kisha nikaichukua ile barua ya kwenye droo nikaijibu, hata kama tulishaongea. Nilianza na “I would like to request”, nikafuta. Nikaandika hivi:

“These are my instructions. Please reject the offer and continue with the claim. Please do not accept any other sum without speaking to me first.”

Mkono ulikuwa mzito kumwandikia hivyo mtu mwenye elimu yake, nikaongeza na “please” ya pili. Alijibu baada ya dakika kumi: “Thank you for your clear instructions.”