DOGO WA ZAMU KANISHIKIA NOTI KWA VIDOLE VIWILI MBELE YA FOLENI NZIMA!

Wakuu, nimetoka hapo sasa hivi, hata koti sijavua. Duka silitaji, mlioko huku Uingereza wote mnalijua.

Nimetoka shifti ya usiku, mkononi nina maziwa, mkate na nepi za mtoto. Kaunta za watu zimefungwa ZOTE, viti vitupu. Zile mashine mbili za kule mwisho zilizokuwa zinameza noti wameziondoa, zilizobaki ni kadi tu. Nimeskani kila kitu, natafuta pa kuingizia hela, hakuna! Taa nyekundu inawaka, foleni nyuma yangu imefika Scotland.

Ndipo akaja yule dogo. Nikampa paundi 20 nikijua atanisaidia. KAISHIKA KWA VIDOLE VIWILI, kwenye pembe, kainyanyua kila mtu aione, kisha kwa sauti: "Huna kadi?" Kadi ninayo, naiacha nyumbani makusudi! Mshahara ukiingia natoa hela ya chakula, ikiisha imeisha, ndiyo maana kila mwezi nabaki na ya kumtumia mama.

Vidole viwili, wakuu! Nimegeuza wazee vitandani usiku kucha, halafu mtu anashika jasho langu kama nepi iliyotumika. Vitu nimeviacha palepale. Duka dogo la kona wamepokea noti ileile na chenji wamenihesabia mpaka peni ya mwisho.

Vidole viwili!

Mtu wa Tanga: Weka picha ya noti kwanza. Isije ikawa ya karatasi, zile mwisho wake ulikuwa Septemba 2022 😂

Mleta uzi: Ni ya plastiki, ina sura ya yule mchoraji wao Turner! Na hata ingekuwa ya karatasi, ndiyo aishike kwa vidole viwili?

Kijiti: Pole dada, ila sheria ya hapo hailazimishi duka kupokea keshi. Benki Kuu yao wenyewe wanasema mwenye duka ana hiari.

Ngosha wa Queens: Hamieni huku New York City. Tangu 2020 duka likikataa keshi linapigwa faini.

Binti Kariakoo: Vidole viwili hata mimi ningelia jamani.

Shemeji wa Croydon: Umeamka leo? Mabasi ya London yalikataa keshi tangu 2014. Nilishushwa na mvua ile, sarafu zimejaa mfukoni, na uzi sikufungua.

Mleta uzi: Dereva alizishika sarafu zako kwa vidole viwili? Hakuzishika. Basi nyamaza.

Mzee wa Buza: Nyie mnalilia mashine, njooni Dar. Keshi wanapokea, chenji hawana. Jana nimedai mia mbili nikapewa pipi.

Binti Kariakoo: Pipi! Na ukirudi kulipia kwa hizohizo pipi wanakutolea macho!

Mtu wa Tanga: Afadhali pipi. Mimi wakala wa mtaani kila nikienda kutoa hela ananiambia hana floti, na foleni nimeshapanga.

Mzee wa Buza: Na akiwa nayo, hayo makato sasa!

Kijiti: Makato yafunguliwe uzi wake, nina mengi.

Ngosha wa Queens: Fungua, tunakuja.